Umetoka kurekebishwa taya? Usikimbilie sindano za fila

Mara nyingi kwenye ukurasa huu tunazungumzia presha, sukari na dawa za kuwapelekea wazee nyumbani. Leo naomba mnivumilie nizungumzie uso, tena uso wangu mwenyewe, kwa sababu mwaka huu watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Dada, nimefanyiwa upasuaji wa taya lakini uso haujakaa sawa. Nichome fila?"

Kwa asiyejua, fila ni zile sindano za kujaza, zinazoingizwa chini ya ngozi ili kunyanyua palipobonyea au kuutengeneza vizuri ukingo wa taya na kidevu. Wote watatu niliwajibu hivi: bado, na si kwa huyo uliyenitajia. Mmoja alinikasirikia. Akaniambia, "Mbona wewe umechoma?" Ni kweli, nimechoma. Ndiyo maana naandika.

Mimi si daktari. Nafanya kazi ya kea, kutunza wazee, hapa Uingereza, na haya ninayoyajua nimeyajua kwa kuwa mgonjwa na kwa kuuliza maswali mpaka watu wakachoka na mimi.

Nilizaliwa na taya la chini lililotangulia mbele. Meno yangu ya mbele yalikuwa hayakutani kabisa, na chapati nilikuwa naikata kwa meno ya pembeni. Shuleni Tanga walinipa jina, sitalitaja hapa. Nilipofika huku, daktari wa meno aliniuliza naumaje tofaa, nikamwambia silingati, nalikata kwa kisu. Akanipeleka hospitali. Hapa NHS hulipia upasuaji wa namna hii pale ubaya wa taya unapomzuia mtu kuuma, kutafuna au kuongea sawasawa, si kwa ajili ya urembo peke yake. Nilivaa waya za meno karibu miaka miwili, halafu siku moja asubuhi nikaingizwa chumba cha upasuaji. Taya la juu likakatwa na kusogezwa mbele, la chini likapasuliwa pande zote mbili na kurudishwa nyuma, yote yakafungwa kwa vibati na skrubu za titani. Njia hiyo ya kulipasua taya la chini kwa urefu wake ilielezwa na daktari Hugo Obwegeser tangu mwaka 1957, kwa hiyo si majaribio. Na kazi karibu yote inafanyika kwa kupitia ndani ya mdomo, jambo lililonifurahisha sana kwa sababu ukoo wetu ngozi ikichanika kidogo tu inaota kovu nene.

Wiki ya kwanza ni uji, supu na kulia. Wiki ya tatu nilimpigia mama kwa video. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, umekuwa kama mtoto wa watu." Alikuwa anatania. Mimi nilizima simu nikakaa chooni nusu saa.

Nasema haya makusudi, maana wanaotushauri juu ya fila hawaijui hali hii. Mtu aliyetoka kubadilishwa taya si sawa na mtu anayetaka midomo minene kwa ajili ya harusi. Wewe umeamka na uso usioujua. Kila kioo unakipita kwa wasiwasi, unapima kushoto na kulia. Na sisi watu wetu hawana breki, utakutana na shangazi wa mtu kwenye shughuli, atakushika kidevu mbele ya watu akuulize, "Huku bado kumevimba, au ndivyo walivyokuacha?"

Mimi niliulizwa hivyo mwezi wa nne. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia, na upande wa kulia chini ya taya palikuwa na kijibonde ambacho kidole kiliingia. Wiki ile ile nikapewa namba ya dada mmoja wa jamii yetu, fundi mzuri wa kucha na nyusi, ambaye alikuwa ameongeza na fila baada ya kusoma kozi fupi. Nikaenda kwake. Nikalala kwenye kochi lake la sebuleni, watoto wake wanaangalia katuni chumba cha pili. Akanifinya kidevu, akauliza, "Unasikia?" Nikasema sisikii, tangu operesheni pamekufa ganzi. Akacheka: "Afadhali, hautaumia."

Kilichoniokoa siku ile si akili yangu. Yeye alitaka paundi 250, mimi nilikuwa nimebakiwa na 180 kwa kuwa jana yake nilituma pesa za bati nyumbani. Akakataa kunikopesha. Nikatoka pale nimekasirika kweli, nikamsema njia nzima.

Miezi mingi baadaye ndipo nilipoelewa uzito wa neno lile, "afadhali, hautaumia". Hapa naomba msome taratibu.

Ndani ya mfupa wa taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Taya likipasuliwa, mshipa huo unavutwa na kushtuliwa. Ndiyo maana karibu kila mmoja wetu hutoka hospitali kidevu kikiwa kama si chake. Kwa wengi hisia hurudi polepole kwa wiki na miezi, kwa wengine hubaki sehemu ambayo hairudi kabisa. Sasa, hatari kubwa ya fila ni pale inapoingia kwenye mshipa wa damu, au kuubana, damu ikashindwa kufika kwenye ngozi. Usoni kuna mshipa mkubwa unaokatiza ukingo wa taya, unapanda kando ya mdomo hadi kando ya pua, na matawi yake yanakutana na mishipa inayolisha jicho. Ngozi iliyokosa damu hufa na kuacha kidonda. Na ikitokea fila imesukumwa ikarudi nyuma hadi kwenye mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Ni nadra, lakini imeshatokea, na jicho likishapofuka kwa namna hiyo mara nyingi haliponi.

Mwili unatoa taarifa ya balaa hilo kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni maumivu makali yasiyo ya kawaida. Ya pili ni ngozi kubadilika rangi: inapauka ghafla, halafu inakuwa na madoa kama wavu. Mwenye kidevu kilichokufa ganzi hiyo ya kwanza anaweza asiisikie. Na mwenye ngozi nyeusi, ile ya pili haionekani kirahisi, hasa kwa mchomaji ambaye picha zote alizosomeshwa ni za watu weupe. Kwa hiyo mtu kama mimi, siku ile kwenye lile kochi, ving'ora vyote viwili vilikuwa vimezimwa, na aliyeshika sindano alidhani hiyo ni bahati.

Ukichomwa, kwa daktari au kwa yeyote, na kidevu chako hakina hisia, basi mwambie mapema kabla hajafungua sindano. Mwombe aonyeshe anapimaje kama damu inarudi: unabonyeza ngozi, unaachia, unalinganisha na upande wa pili. Angalieni pia ndani ya mdomo na fizi, ambako rangi inaonekana vizuri zaidi kwetu. Ukifika nyumbani ukaona sehemu imekuwa ya baridi, imepauka, ina kijivu au zambarau, au inauma zaidi badala ya kupoa, rudi siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu. Macho yakififia au ukaona giza upande mmoja, hilo ni la emajensi moja kwa moja, piga simu ya dharura.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Fila zinazotumika zaidi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho, na ina dawa ya kuiyeyusha inayoitwa hayaluronidesi. Mshipa ukiziba, hiyo ndiyo inayochomwa haraka. Hapa Uingereza dawa hiyo ni ya kuandikiwa na mwenye haki ya kuandika dawa. Fila yenyewe siyo. Yaani mtu anaweza kukuingizia fila sebuleni bila cheti chochote cha utabibu, lakini dawa ya kuitoa hana ruhusa ya kujiamulia kuitumia. Mwaka 2013 Profesa Bruce Keogh aliiandikia serikali ripoti, akaeleza kwamba mteja wa huduma hizi hana ulinzi zaidi ya mtu aliyenunua kalamu au mswaki. Tangu Oktoba 2021 ni kosa England kumchoma fila ya urembo mtoto wa chini ya miaka 18, na sheria ya mwaka 2022 ilimpa waziri uwezo wa kuanzisha leseni. Lakini kwa sisi watu wazima usitegemee sheria ikulinde, jilinde kwa maswali. Swali langu la kwanza siku hizi ni moja tu: "Hayaluronidesi unayo hapa chumbani, na nani ameiandika?" Akianza kuzungukazunguka, vaa viatu.

Kuna fila za aina nyingine, kama zile za madini ya kalisi, ambazo haziyeyuki kwa dawa hiyo. Na kuna silikoni ya maji, ambayo FDA ya Marekani haijawahi kuiruhusu ichomwe usoni ili kujaza. Mlioko huko mnajua kwamba inazunguka kwenye majumba na mahoteli. Sitaki hata kuijadili.

Sasa suala la muda. Uvimbe mwingi wa upasuaji wa taya unaondoka katika wiki za mwanzo, watu wanakupongeza, wewe unadhani umekwisha. Haujaisha. Uliobaki unaondoka polepole, na inaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka mzima kabla sura haijatulia. Pande mbili hazipungui kwa mwendo mmoja. Juu ya hapo waya za meno bado zipo mdomoni na meno bado yanasogezwa, na midomo hulala juu ya meno, kwa hiyo nayo inabadilika. Ukijaza mwezi wa nne unajaza uso wa mpito. Ule unene wangu wa kushoto, ambao ungefanya yule dada ajaze upande wa kulia ili zilingane, ulikuwa umekwisha wenyewe ilipofika mwezi wa kumi. Ningebaki na uso uliopinda upande wa pili.

Lakini sababu inayonifanya niwe mkali zaidi ni hii nyingine. Taya lililosogezwa linaweza kurudi nyuma kidogo kidogo, au kuhama. Wapo pia watu wachache ambao kichwa cha mfupa wa taya, pale kwenye kiungo karibu na sikio, hulika baada ya upasuaji, kidevu kikaanza kurudi au kuelekea upande. Dalili zake za mwanzo ni zile zile unazotaka kuzificha: uso kwenda upande, kidevu kupungua, meno kuacha kukutana kama yalivyokutana mwezi uliopita. Ukiweka fila juu yake unafunika shimo kwa mkeka. Fila haishiki mfupa. Daktari mmoja wa taya aliniambia kwamba kila uso unaobadilika baada ya kutulia anataka kuuona yeye kwanza, na picha ya eksirei, kabla ya mtu mwingine yeyote kuugusa. Nami namwunga mkono kwa mikono miwili. Mfunge kwanza safari yenu na aliyekukata, kisha ndiyo uende kwa wa kujaza, tena ukiwa na barua au picha inayoonyesha vibati viko wapi. Ndani ya uso uliopasuliwa kuna makovu, nyama hazijapangana kama zamani, na mchomaji asiyejua hilo anaingia gizani.

Je, fila haina kazi basi? Ina kazi, na hapa nakosana na wale wenzetu wanaosema kila kinachogusa uso ni ubatili wa wanawake wa mjini. Kuna kasoro ndogo ambazo upasuaji mzuri kabisa unaweza kuziacha: kijibonde kwenye ukingo wa chini wa taya pale lilipopasuliwa, mteremko kando ya kidevu kilichosogezwa, mashimo kando ya pua, mdomo wa juu uliopungua unene. Kumrudisha mtu mezani kwa ajili ya kijibonde cha milimita mbili si busara. Hapo kijiko kidogo cha fila, mahali pamoja, kwa mkono unaojua, kinaweza kumrudishia mtu amani. Na wanaume msijifiche. Kati ya wale watatu walioniuliza wawili ni wanaume.

Ninachokataa ni kuambiwa "sawa" na kipimo cha mtu mwingine. Kuna mstari maarufu wa daktari wa meno wa Marekani, Robert Ricketts, unaochorwa kutoka ncha ya pua hadi kidevuni, na midomo inatakiwa ikae nyuma yake. Ulitokana na nyuso za Wazungu. Midomo yetu wengi hukaa juu ya mstari huo au mbele yake, na si ugonjwa. Nimemsikia mchomaji akimwambia kijana wa Kikongo mwenye uso mzuri kabisa kwamba kidevu chake "kinahitaji" mililita tatu ili kiufikie mstari. Kijana alikuja kwangu na bei imeandikwa kwenye karatasi. Nilimwomba anionyeshe picha ya baba yake. Kidevu ni kile kile.

Swali jingine ninaloulizwa sana na Waislamu wenzangu ni kama fila ina nguruwe. Fila za hayaluroniki zinazotumika siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria kiwandani, si kwa mnyama. Zile za kolajeni za zamani ndizo zilizotoka kwa ng'ombe, na baadhi kwa nguruwe. Mwulize mchomaji jina kamili la bidhaa na usome karatasi yake. Ama kama kuziba kovu la upasuaji ni kuondoa kasoro au ni kubadilisha umbo, hilo mwulize sheikh wako, na umweleze kisa chote kuanzia kutafuna, usimwulize tu "fila inafaa?"

Mimi nilichoma mwezi wa kumi na nne. Waya zilikuwa zimetoka, daktari wa taya alikuwa ameona eksirei na kuridhika. Alinichoma daktari, kliniki, mililita moja tu kwenye kile kijibonde cha kulia, na alikataa kugusa kidevu kwa sababu katikati yake bado sisikii vizuri. Nililipa paundi 320, na NHS hailipii hilo, msije mkasumbuana na GP wenu. Kabla ya hapo alinizuia kusafisha meno kwa wiki mbili, na akaniuliza kama nina safari. Nilikuwa na tiketi ya Dar baada ya siku tano. Akakataa kunichoma mpaka niende nirudi, akisema sindano yake ikileta shida anataka niwe mahali anapoweza kunifikia. Nilinuna, lakini sasa namwelewa. Nanyi mnaochoma usiku wa kuamkia safari ili mfike nyumbani mnang'aa, fikirieni mtapata wapi hayaluronidesi saa nane za usiku mkiwa kijijini.

Mlioko Marekani, fahamuni kwamba FDA imeziruhusu fila kwa watu wa kuanzia miaka 22, na mwaka 2021 ilitoa onyo juu ya zile kalamu zinazosukuma fila bila sindano, ambazo watu wananunua mtandaoni na kujichoma wenyewe. Mlioko Ghuba, takeni kuona leseni ya mamlaka ya afya yenye jina la mtu anayekuchoma, si jina la kliniki ukutani.

Yule dada fundi wa kucha bado tunaonana, ni mtu mwema. Nilimweleza habari ya ganzi. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kama nadhani kuna mteja wake aliyewahi kumdanganya kwamba hajawahi kufanyiwa upasuaji. Nikamwambia hakuna haja ya kudanganya, wewe hujawahi kuuliza. Siku hizi anauliza, na wenye taya kama langu anawarudisha kwa madaktari wao. Fila yangu ina mwaka na miezi miwili sasa, imeanza kupungua. Nikiinamisha uso kwenye taa ya bafuni nakiona tena kile kijibonde. Sijaamua kama nitairudia. Mama anasema hakioni.